Uliza Fundi: Kiganja Juu ya Boneti

Barua za mwezi huu karibu zote ni za magari ya spoti ya zamani: milango miwili, boneti ndefu, umri wa miaka ishirini au thelathini, na muuzaji anayeapa kwamba halina tatizo hata moja. Nimechagua nane. Kama yako haimo, pengine mwenzako ameshauliza swali lile lile. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kike, nimeshika spana tangu enzi ambazo gari halikuwa na soketi ya kompyuta, na siku hizi magoti yangu yanakataa kulala chini ya gari. Anayelala ni kijana wangu. Mimi nabaki juu na bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, nasikiliza.

*Shikamoo Bi Fundi. Nimepata Mazda MX-5 ya mwaka 1990, injini ya 1600, kilometa 58,000 tu. Mwenyewe anasema muda mwingi limelala chini ya turubai. Jumamosi naenda kulitazama. Nianzie wapi? – Mwenye Haraka*

Marahaba. Anzia kwenye boneti, kwa kiganja. Ukifika, kabla hujaanza kusifia rangi, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya vuguvugu, mwambie mwenyewe kwa adabu kwamba utarudi kesho asubuhi na ungependa kulikuta halijawashwa. Akinuna, mshukuru ujiondokee.

Hili nililijua kwa fedha yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kutazama gari dogo jekundu la viti viwili. Nilikuta linaunguruma, na muuzaji akaniambia, "Nimekuwashia mapema ili usisubiri." Mimi, fundi mzima, nikaona nimekutana na mtu mkarimu. Injini ilikuwa laini, moshi hakuna, mshale wa presha ya oili umesimama mahali pake. Nikalipa, nikaondoka nimeshusha vioo. Kesho yake alfajiri nikapiga stata. Likatoka wingu la bluu, halafu kutoka chini nikasikia ko-ko-ko-ko, sekunde tatu au nne, kisha kimya.

Nilipofungua sampu, oili ilitoka nzito kama gundi. Mtu alikuwa ameichanganya na ile dawa ya chupa ya kufichia moshi na kelele. Beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, ambazo uso wake unatakiwa uwe wa kijivu kilichofifia, tatu zilikuwa zimelika mpaka shaba inang'aa. Mchana kutwa ile oili nzito ilijaa kwenye pengo na kuzima mlio. Usiku inateremka yote kwenye sampu, na asubuhi chuma kinagonga chuma mpaka pampu iipandishe tena. Nililifanyia ovaholi gari ambalo nilidhani ningeanza kulifurahia wiki ile ile.

Kwa hiyo liwashwe likiwa baridi, awashe mtu mwingine, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja tu baada ya gari kulala usiku kucha, kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, inatengenezeka. Ukitoka bluu kila unapokanyaga mafuta, ringi za pistoni zimechoka, na hapo ni kushusha injini. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi si kitu. Lakini mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaungua ndani ya silinda: gasketi ya silinda hedi.

Sasa hizo kilometa 58,000. Wewe unaziona bahati, mimi zinanipa wasiwasi. Gari likilala, sili za mpira zinakauka, pistoni za breki zinashikana na nyumba zake, petroli inageuka utomvu ndani ya pampu, na unyevu unakusanyika kwenye oili. Mkanda wa taimingi hauzeeki kwa kilometa peke yake. Unazeeka kwa miaka pia, na mwenye gari lililolala hakumbuki kuubadilisha kwa sababu "halijatembea". Muulize tarehe, na akuonyeshe karatasi. Kisha inama usome tairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho: 2309 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa na mpira umeshakuwa mgumu kama ubao. Zaidi ya hapo, tairi za umri huo zinakupa habari ya mwenyewe. Mtu asiyenunua tairi kwa miaka kumi na tano hakununua na oili ya breki.

Kwa MX-5 yenyewe, angalia mambo matatu. La kwanza ni puli ya mbele ya krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini za 1600 za mwanzo mwanzo zina pua fupi ya krankshafti, na mfereji wa ufunguo wake (kijipande cha chuma kinachoizuia puli isiteleze) hulika mpaka puli inayumba. Chukua tochi, hesabu mikato iliyo kwenye puli: ikiwa minne, ni ile ya pua fupi, ikiwa minane, ni iliyorekebishwa. Ya mwaka 1990 kwa kawaida ni ya minne. Usikimbie kwa hilo tu. Washa injini, itazame puli kwa ubavu. Ikizunguka imetulia, endelea kukagua. Ikicheza kama sahani, acha.

La pili ni kutu. Nyuma ya viti kuna mirija miwili ya kutoa maji yanayoteremka kutoka kwenye paa la turubai. Ikiziba, maji yanaingia kwenye vizingiti vya chini ya milango na kuvila kwa ndani huku nje rangi inameremeta. Nenda na chupa ya maji, mimina taratibu pale kwenye kona, kila upande. Yasipotoka chini karibu na gurudumu la nyuma, piga magoti ubonyeze kizingiti kwa kidole gumba, kile kipande kilicho mbele ya gurudumu la nyuma. Hicho ndicho huanza kuoza. Ukisikia ngozi ya puti badala ya chuma, umeshajua.

La tatu ni dogo: silinda ya chini ya klachi huvuja. Pedeli ikizama bila kurudi vizuri, ni hiyo, na ni kazi ya saa moja. Na ukisikia tik-tik-tik juu ya injini ikiwa baridi, usiogope kabla ya wakati. Ni vifaa vya kusukuma valvu vinavyojaa oili polepole, na mara nyingi oili safi ya kiwango sahihi huvinyamazisha. Tik-tik ya juu na ko-ko ya chini ni vitu viwili tofauti kabisa, na ndiyo maana natembea na bisibisi.

*Bi Fundi, naota Porsche 911 tangu utotoni. Nimepata ya mwaka 1999, lakini kila ninayemwuliza ananitisha na neno "beringi". Ni kweli injini zake hufa ghafla? – Mwana wa Ndoto*

Ni kweli zipo zilizokufa hivyo, na ni kweli pia kwamba nyingi zinatembea mpaka leo.

Injini hiyo, ambayo iko kwenye 911 aina ya 996 na kwenye Boxster ya wakati huo huo, ina silinda sita zilizolala, na chini ya krankshafti kuna shafti ya kati inayopeleka mzunguko kwenye cheni za valvu. Mwisho wa shafti hiyo, upande wa flaiwili, kuna beringi ya gololi iliyofungwa na grisi yake ndani. Miaka ikipita, sili ya beringi inachoka, oili ya injini inapenya, grisi inaoshwa, na gololi zinabaki na oili chafu kidogo isiyobadilika. Beringi ikivunjika, cheni zinapoteza mahali pake, valvu zinakutana na pistoni. Ndiyo hiyo "ghafla" unayotishwa nayo. Matoleo ya Turbo na GT3 ya miaka hiyo yana injini ya ukoo mwingine na hayana ugonjwa huu, kwa hiyo asikuchanganye mtu.

Ufanye nini? Uliza kama beringi imeshabadilishwa, lini, na wakati wa kazi gani. Kwa gari la 1999 inafikika giaboksi na klachi vikishushwa, ndiyo maana mwenye akili huibadilisha siku anayobadilisha klachi. Kama haijaguswa, omba oili na filta vibadilishwe mbele yako, na filta ile ya zamani ikatwe. Tandaza karatasi yake chini ya mwanga. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa na kunasa kwenye sumaku si vya kawaida. Tazama pia mahali injini inapoungana na giaboksi. Unyevu wa oili hapo kwa kawaida ni sili ya nyuma ya krankshafti, ugonjwa mdogo wa familia hiyo.

Na usisahau silinda zenyewe, ambazo watu hawazitaji kwa sababu beringi imechukua sifa yote. Kuta zake huweza kuchubuka. Tazama mabomba mawili ya ekzosi: moja likiwa na masizi mengi kuliko jenzake, na injini ikiwa na mlio wa tak-tak upande huo, omba ipitishwe kamera kwenye tundu za plagi. Usinunue kabla ya kuona picha.

Ukiwekewa mawili mbele, moja la kilometa 40,000 lililokuwa likitolewa mara moja kwa mwezi na jingine la 150,000 lililotembea kila siku na kubadilishwa oili kwa wakati, mimi nachukua la pili bila kuuliza mara mbili. Beringi hiyo haipendi kukaa.

*Fundi, nilikwenda na makanika kutazama Mazda RX-8. Akapima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, kwa geji yake, akasema iko sawa. Lakini nilipozima na kutaka kuwasha tena baada ya kama dakika kumi, stata ilizunguka muda mrefu ndipo likashika. Kuna shida? – Mwenye Shaka*

Kuna shida, na shaka yako imeona zaidi ya geji yake.

RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili zenye pembe tatu, zinazozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo injini nzima ina nyuso sita zinazobana hewa. Geji ya kawaida ina kivalvu kinachoshika msukumo mkubwa kuliko yote na kuuonyesha huo tu. Rota ikiwa na nyuso mbili zilizochoka na moja nzima, geji itakuonyesha ile nzima, na makanika ataondoka ameridhika. Simlaumu. Kwa injini ya pistoni angekuwa amefanya sawa. Hapa unahitaji kipimo cha rota kinachotoa namba sita, pamoja na kasi ya stata wakati wa kupima, kwa sababu stata ikizunguka taratibu namba zote hushuka.

Na kile kiganja changu juu ya boneti? Kwa gari hili nenda likiwa baridi, ndiyo, lakini kipimo chenyewe kiko kwenye joto. Liendeshe mpaka mshale wa joto utulie, zima, subiri dakika kumi, washa. Sili za kwenye ncha za rota zikiwa zimelika, injini ya moto haibani hewa vya kutosha na inashindwa kushika. Ndicho ulichokiona. Angalia pia kama stata imebadilishwa karibuni: stata yenye kasi zaidi huficha ugonjwa huu kwa muda.

Kula oili, kwa upande mwingine, usiuhesabu kuwa kosa. Injini hii ina pampu inayochirizisha oili ndani makusudi ili kulainisha sili. Mwenye RX-8 anayekuambia haliongezewi oili kamwe ananiogopesha kuliko anayelalamika. Jambo la mwisho: mtu asiliwashe likiwa baridi, akalisogeza mita tano, kisha akalizima. Petroli hulowesha plagi na halitawaka tena kwa urahisi.

*Bi Fundi, nimepima kompresheni ya Toyota MR2 ya mwaka 2001 ninayotaka kuinunua. Silinda ya kwanza 13, ya pili 12.8, ya tatu 9, ya nne 12.9. Muuzaji anasema wastani ni mzuri. – Mpenda Hesabu*

Wastani! Injini haiendeshwi na wastani. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 au 15 hivi, na ya tatu imeachwa nyuma kwa karibu theluthi moja.

Lakini usikate tamaa kabla ya kujua hewa inatorokea wapi. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, pima tena. Namba ikipanda, oili imeziba ringi kwa muda, maana yake ringi au ukuta wa silinda vimelika. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kile cha kupulizia hewa. Unapeleka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, halafu unazima redio na kuwaomba watu wanyamaze. Weka sikio kwenye bomba la ekzosi: ukisikia sssss, valvu ya kutoa moshi haikai vizuri. Sogea kwenye mdomo wa kuingizia hewa: ukisikia hapo, ni valvu ya kuingiza. Fungua kifuniko cha oili. Kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza kama puto linalovuja, ni ringi. Fungua kifuniko cha rejeta uone kama maji yanatoa mapovu. Hapo ni gasketi, au hedi imepasuka. Kijana wangu anatumia geji mbili zinazotoa asilimia, na ni sahihi. Mimi bado nasikiliza.

Kwa MR2 ya umri huo ongeza jambo moja. Kwenye mkono wa ekzosi, karibu kabisa na injini, kuna vichujio vidogo vya moshi. Vikizeeka vinamomonyoka, na vumbi lake gumu linaweza kurudi ndani ya silinda na kukwaruza kuta. Injini hiyo hiyo pia inajulikana kwa pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili ambayo huziba. Toa vihisio vya oksijeni, mulika ndani ya matundu yake. Ukiona sega lililovunjika au pango tupu wakati mwenye gari hajui lolote kuhusu kuviondoa, namba 9 yako imepata maelezo.

*Honda S2000, gia ya pili inakwaruza kidogo nikibadilisha haraka. Muuzaji anasema zote ziko hivyo. – Kijana wa Gia*

Nyingi ziko hivyo, ila hakuna iliyotoka kiwandani hivyo. Ni sinkronaiza ya gia ya pili, kile kipande kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, imechoshwa na watu wanaobadilisha gia injini ikiwa karibu na mizunguko 9,000 kwa dakika. Jaribu mara mbili, giaboksi ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Ikikwaruza baridi tu, badilisha oili ya giaboksi uone. Ikikwaruza na moto, ni kushusha giaboksi, na hiyo kazi uitoe kwenye bei.

Ukiwa barabarani pima na klachi: gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na gari lenyewe likabaki nyuma, klachi pleti imekwisha.

*Bi Fundi, Subaru Impreza ya tabo, mwenyewe ameweka tabo kubwa zaidi, ekzosi pana na kompyuta iliyoandikwa upya. Anaomba bei ya juu kwa sababu ya vitu hivyo. – Msikilizaji wa Mlio*

Mimi hushusha bei kwa sababu ya vitu hivyo hivyo. Presha ya tabo ikipandishwa bila petroli na taimingi kulingana, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, na injini hizi, hasa ya lita 2.5, huvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Anayesema ameboresha, muulize nani aliandika hiyo kompyuta na karatasi ya kipimo iko wapi. "Rafiki yangu mmoja" si karatasi.

Tabo yenyewe ipime kwa vidole, injini ikiwa baridi na imezimwa. Toa mpira wa hewa, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa ubavu kunaruhusiwa, ila bawa lisiguse nyumba yake. Kusukuma na kuvuta, kwenda ndani na nje, usisikie kitu. Halafu liendeshe vizuri, rudi, liache liungurume dakika tano bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga mara moja. Wingu la bluu hapo ni sili za tabo au za valvu.

Nikipewa nafasi, nachukua lile la boneti ya kawaida lisilo na mbwembwe.

*Nikipima kwa kompyuta na isionyeshe kosa lolote, si inatosha? – Mtu wa Kisasa*

Haitoshi. Kwanza kompyuta haioni kutu, bushi zilizochanika, wala shokapu zinazovuja. Pili, makosa hufutwa kwa kitufe kimoja dakika tano kabla hujafika. Lakini gari lenye OBD-II, mfumo wa gari kujikagua kwa kompyuta yake, ambao Marekani waliufanya wa lazima kuanzia magari ya 1996, lina mtego ambao wauzaji wengi hawaujui. Mashine ya kupimia ina ukurasa unaoonyesha kama gari limekamilisha kujikagua lenyewe. Makosa yakifutwa, ukaguzi huo unarudi mwanzo na unahitaji safari kadhaa kukamilika. Ukikuta sehemu nyingi hazijakamilika, mtu amefuta juzi au betri imetolewa. Muulize ni lipi, kisha nyamaza umtazame.

*Bi Fundi, mimi nimeshanunua. BMW M3 ya mwaka 2002. Usinigombeze. Nifanye nini kwanza? – Aliyetangulia*

Sikugombezi, nimekueleza la kwangu jekundu.

Kwanza lipandishe juu, utoe vifuniko vya chini, usafishe pale ambapo fremu ya ekseli ya nyuma inafungwa kwenye bodi. Bati la sakafu hapo hupasuka kwenye M3 za umbo hilo, kwa sababu nguvu yote ya difu inavuta kwenye bati jembamba. Tumia tochi na kioo kidogo, tazama kuzunguka kila mahali pa boliti, ufa mara nyingi ni mwembamba kama unywele na una mstari wa kutu. Ukikuta umeanza, unachomelewa na kuongezewa mabati ya nguvu, na gari linaishi. Ukiupuuza, siku moja utasikia tang! kila unapoachia klachi.

Pili, beringi za konrodi. Usisubiri zikuite. Muulize aliyekuuzia kama zimebadilishwa, na kama hana uhakika zihesabu kuwa hazijabadilishwa. Mpaka hapo, usipandishe mizunguko kabla oili haijapata moto. Dashibodi ya gari hilo ina taa ndogo kuzunguka mshale wa mizunguko, zinazima moja moja kadiri oili inavyopata joto. Waliziweka kwa sababu. Oili ni 10W-60, na valvu zake zinahitaji kupimwa na kurekebishwa kila baada ya muda, jambo ambalo wamiliki wengi wa pili na wa tatu hawakulifanya.

Halafu badilisha vimiminika vyote: oili ya injini, ya giaboksi, ya difu, ya breki, na maji ya rejeta. Ile oili ya injini ya zamani usiitupe siku hiyo. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe, ikauke, uitazame juani. Ukiona chembe za rangi ya shaba, lizime, usiliwashe tena, kisha niandikie.